Picha Isipoteze Jina Lake Njiani: Mwongozo wa Hakimiliki kwa Makundi ya Wapenda Maua na Ndege

Miaka michache iliyopita kundi letu la wapenda maua na ndege hapa Tanga lilichapisha kalenda ya ukutani, nakala 50, kwa michango ya wanachama wenyewe. Kazi ya kukusanya picha nilipewa mimi. Mwezi wa Juni niliuwekea picha ya ua la Saintpaulia lenye rangi ya zambarau na ukingo mweupe, picha niliyoikuta ndani ya kundi letu la WhatsApp, nikaamini kwamba aliyeituma ndiye aliyeipiga. Kalenda zilipokwisha kutoka kwa mchapaji, mwanachama mmoja wa Muheza aliniuliza kwa upole kama nilikuwa nimepata ruhusa, maana aliikumbuka picha ile kuwa ni ya mkuzaji mmoja wa ng'ambo anayezalisha aina mpya za ua hilo. Nilipomuuliza aliyeituma, akasema naye alitumiwa na binamu yake. Binamu aliitoa katika kundi jingine. Na huko hakuna aliyekumbuka ilikotoka. Jioni mbili mfululizo tulikaa barazani, mikasi na gundi mkononi, tukibandika picha nyingine juu ya ile ya Juni, kalenda baada ya kalenda. Anayo mtu mpaka leo kalenda hiyo, na akipapasa karatasi ya mwezi huo anahisi vimbe la gundi.

Katika mlolongo ule wote hakuna aliyekusudia kuiba. Kila mmoja aliipokea picha ikiwa tayari haina mwenyewe, akaipitisha kama alivyoipokea. Kwa uzoefu wangu wa kusimamia kundi, hivyo ndivyo hakimiliki za picha zinavyovunjwa mara nyingi katika makundi ya watu wanaopenda jambo moja: jina hudondoka njiani, na likishadondoka hakuna anayerudi kuliokota. Kwa hiyo hatua ninazozieleza hapa zimepangwa kufuata safari ya picha, tangu inapopigwa hadi inapofika mikononi mwa asiyemjua aliyeipiga.

Hatua ya kwanza: mjue mwenye picha ni nani

Kanuni ya msingi ni kwamba mwenye hakimiliki ya picha ni yule aliyeipiga. Hakimiliki haiendi kwa mwenye simu iliyotumika, wala kwa mwenye kitalu ambamo ua lilichanua, wala kwa aliyeisambaza kwanza, wala kwa mtu anayeonekana ndani ya picha. Mama aliyemwazima mwanawe simu ili ampigie picha ndege aliyetua kwenye mkorosho hakupata hakimiliki kwa kuazimisha simu. Jambo hili huwashangaza wengi, hasa wenye bustani, ambao huona kwamba ua ni lao, jasho ni lao, basi na picha ni yao. Ua ni lao kweli. Na wanayo haki ya kumkataza mtu asiingie bustanini kupiga picha. Lakini wakimruhusu, alichokitengeneza kwa jicho na kidole chake ni kazi yake.

Tanzania Bara jambo hili linaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ofisi inayohusika ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ambayo watu wanaijua zaidi kwa jina la COSOTA. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA. Nalitaja hilo kwa sababu makundi ya Tanga hayakosi wanachama wa Pemba na Unguja. Picha ni miongoni mwa kazi za sanaa zinazolindwa, na ulinzi huanza pale pale kazi inapotengenezwa, bila kuisajili, bila kulipa ada, na bila kuandika alama ya herufi C ndani ya duara. Kuisajili kazi COSOTA kunasaidia kama ushahidi siku ya mzozo, lakini picha isiyosajiliwa nayo ina mwenyewe. Na kwa kuwa Tanzania imo katika Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao ilijiunga nao mwaka 1994, picha ya mkuzaji wa Japani au Marekani inalindwa hapa kwetu, na ya kwako inalindwa huko kwao.

Sheria inampa mpiga picha haki za aina mbili. Zipo haki za kiuchumi, yaani za kunakili, kusambaza, kuuza na kuibadili kazi. Na zipo haki za kimaadili, yaani kutajwa kama mwenye kazi na kupinga kazi yake isiharibiwe. Katika makundi yetu, ambako fedha ni kidogo, haki hii ya pili ndiyo inayoumiza watu. Nimeona wanachama wakisamehe picha zao kutumika bila malipo, lakini sijaona aliyesamehe kwa urahisi jina lake kukatwa.

Mkimwajiri mpiga picha kwa ajili ya maonyesho ya kundi, andikeni kabla ya kazi kuanza nani atazitumia picha, wapi na kwa muda gani. Ukurasa mmoja wenye sahihi mbili unatosha.

Hatua ya pili: fuatilia asili ya picha kabla ya kuituma

Ukipokea picha ya kupendeza na ukataka kuipeleka kundini, ipe dakika tano. Ihifadhi kwenye simu, kisha itafute kwa Google Lens au kwa TinEye, ambazo hutafuta picha kwa kutumia picha badala ya maneno. TinEye ina faida moja kubwa: inaweza kuyapanga matokeo kuanzia yale ya zamani zaidi iliyoyaona, na mara nyingi picha yenye tarehe ya nyuma na ukubwa mkubwa ndiyo iliyo karibu na mwenyewe. Fungua ukurasa huo, usome maelezo yaliyo chini ya picha, na utazame kama mwandishi wa ukurasa anamtaja mpiga picha mwingine. Kama anamtaja, endelea kumfuata huyo. Usisimame Pinterest, mtandao wa kukusanya picha, kwa sababu huko nako picha zimeletwa na wapitaji kama sisi.

Maneno «Chanzo: Google» hayana maana yoyote. Google imekuonyesha njia tu, kama mtu wa kituo cha mabasi cha Kange anayekuelekeza gari la Lushoto. Huwezi kusema gari ni lake. Vivyo hivyo «picha kwa hisani ya mtandao». Mtandao haupigi picha.

Ukishindwa kumpata mwenyewe, usiitume picha kama yako wala kama ya kundi. Eleza kwa maneno ulichokiona, au tuma kiungo cha ukurasa badala ya nakala ya picha. Kiungo kina adabu yake: kinampeleka msomaji nyumbani kwa mwenye picha, na jina linabaki lilipo.

Sheria inaacha nafasi ya kunakili kwa matumizi yako binafsi, na pia ya kunukuu kwa kiasi kinachofaa huku ukitaja jina na chanzo. Kuhifadhi picha kwenye simu yako ili ulinganishe na jani lililoko kwenye chungu chako ni matumizi binafsi. Kuituma katika kundi kama letu, kwa watu 212 usiowajua wote kwa sura, si matumizi binafsi, hata kama kundi limefungwa na msimamizi anachuja wanaoingia.

Hatua ya tatu: soma leseni, herufi kwa herufi

Picha nyingi za ndege na mimea zimewekwa na wapigaji wake chini ya leseni za Creative Commons, ambazo zilianza kutolewa mwaka 2002. Leseni hizi ni ruhusa iliyokwisha kutolewa mapema, kwa masharti. Herufi BY zinadai umtaje mwenye kazi. NC zinakataza matumizi ya kibiashara. ND zinakataza kuibadili kazi na kuisambaza ikiwa imebadilika. SA zinataka kazi yako iliyotokana na ile ya kwanza nayo itolewe kwa leseni ile ile. CC0 maana yake mwenyewe ameachia haki zake kadiri sheria inavyomruhusu, na hapo hata kumtaja ni hiari, ingawa sisi tumeamua kumtaja.

Penye kujikwaa ni NC. Katika iNaturalist, ambako wapenda viumbe hai huweka picha za walichokiona porini, leseni inayowekwa mwanzoni mtumiaji asipochagua nyingine ni CC BY-NC. Sasa katika kundi letu wamo wenye vitalu wanaouza miche kando ya barabara. Mwenye kitalu akiitumia picha hiyo kuwafundisha wanakundi namna ya kutambua ugonjwa wa majani, bila bei wala namba ya simu ya biashara, hana neno. Akiiweka kwenye tangazo lake la «miche ipo, shilingi elfu tano», ameitoka leseni. Mstari huo haupiti kati ya watu. Mtu yule yule anaweza kuwa upande wa halali asubuhi na upande wa pili jioni.

Kumtaja mwenye kazi kunahitaji vitu vinne: jina la mpiga picha, jina la leseni, kiungo cha ukurasa wa asili, na maelezo ya ulichobadili. Kwa mfano: «Ndege chozi wa Amani. Picha ya Fulani bin Fulani, leseni CC BY 4.0, imekatwa upande wa kushoto», kisha kiungo. Iandike chini ya picha ile ile, katika ujumbe ule ule. Ukiiandika katika ujumbe unaofuata, mtu atakayeipitisha picha atauacha ujumbe huo nyuma, nasi tunarudi kwenye kalenda ya Juni.

Hatua ya nne: omba ruhusa kwa maandishi

Pasipo na leseni, ombeni. Watu huogopa hatua hii kuliko zote, na sioni sababu. Katika maombi niliyoyapeleka tangu yale ya kalenda, wengi walikubali, na baadhi walituma picha kubwa na safi kuliko ile niliyoiona. Kinachowafanya watu wakatae au wanyamaze ni ombi lisiloeleza kitu: «Naomba kutumia picha zako.» Zipi? Wapi? Mara ngapi?

Ujumbe wetu sasa unakwenda hivi, na unaweza kuuchukua ulivyo:

«Habari za leo, ndugu. Mimi ni msimamizi wa kundi la wapenda maua la Tanga. Nimeiona picha yako ya ua la Saintpaulia uliyoiweka kwenye kiungo hiki. Naomba ruhusa ya kuitumia mara moja katika kalenda yetu ya mwaka ujao, nakala 50, zitakazouzwa kwa bei ya kurudisha gharama za uchapaji. Jina lako litaandikwa chini ya picha kwa namna utakayotuelekeza, na picha haitakatwa wala kubadilishwa rangi. Kama unahitaji malipo, tafadhali tutajie kiasi. Na kama hupendi itumike, tutaheshimu. Asante.»

Kwa mtu mzima unayemjua, anza na shikamoo yake na umwite kwa jina analoitwa mtaani, mzee fulani au bi fulani. Ombi la karatasi lisikuvue adabu. Kwa wa ng'ambo andika kwa lugha anayoielewa, kwa sentensi fupi. Jibu likija, lihifadhi pamoja na picha yenyewe katika folda moja, pamoja na tarehe. Na jibu likichelewa, kumbusha mara moja, kisha uache. Kwa wazee wetu kimya cha mwari anapoulizwa habari ya kuolewa huhesabiwa kuwa ni idhini. Kimya cha mwenye picha hakihesabiwi hivyo.

Ruhusa hufunika kilichoombwa tu. Dada mmoja katika kundi letu hudarizi foronya, na aliwahi kupewa ruhusa ya kuituma kundini picha ya kipepeo wa Amani; baadaye akaichora juu ya kitambaa, uzi kwa uzi, akauza jozi tatu. Kuchora, kudarizi au kuchapa kanga kwa kufuata picha ya mtu ni kuibadili kazi yake, na hilo nalo linahitaji idhini. Aliandika tena kuomba. Mwenye picha alikubali na kuomba foronya moja.

Hatua ya tano: itume picha yako kwa namna ambayo jina halitadondoka

Hapa ndipo kazi ya mwenye picha ilipo. Kamera na simu huandika ndani ya faili la picha taarifa zinazoitwa EXIF: saa, aina ya kamera, vipimo vya mwanga, na ukiamua, jina lako pia. Ukiituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu huipunguza ukubwa na taarifa hizo hufutika. Mpokeaji anabaki na picha tupu. Picha ya skrini, yaani iliyopigwa kutoka kwenye kioo cha simu, nayo haina chochote cha asili. Ukiituma kama hati, faili hufika kama lilivyo, na jina likiwa ndani.

Lakini kuna mtego. Faili hilo zima linaweza kubeba pia mahali ulipopigia picha, kwa usahihi wa hatua chache. Kwa picha ya barazani kwako, umemwonyesha kila mtu mlango wako. Kwa picha ya okidi adimu au Saintpaulia ya mwituni, umempa ramani mtu anayechimba mimea ili akauze. Zima huduma ya mahali katika kamera kabla ya kupanda milima ya Amani, au uifute baadaye, kisha tuma hati. Taja «Usambara Mashariki» na uishie hapo.

Lipe faili jina lenye maana: jina lako, kitu, mwaka. Na kwenye picha yenyewe andika jina kwa herufi ndogo, si pembeni kabisa ambako mkato mmoja wa kidole unaliondoa, bali karibu na ua au ndege, mahali ambapo kulikata ni kuiharibu picha. Usilifanye kubwa likafunika kitu chenyewe. Nimeona picha za ndege ambazo jina la mpigaji linaonekana vizuri kuliko ndege.

Habari ya majina kudondoka, ua lenyewe lina kisa chake. Baroni Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya huku wakati wa Wajerumani, alipeleka ua hili Ulaya mwaka 1892, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliita Saintpaulia. Wasambaa walioishi nalo miambani hawakuingia katika jina.

Hatua ya sita: picha za zamani

Katika kila kundi la Tanga hutokea mtu anayeleta picha za kale, za bandari, za reli au za bustani ya utafiti ya Amani, na kuandika kwamba kwa sababu ni za mkoloni basi ni za bure. Uzee peke yake hautoshi. Kanuni ya jumla ya sheria yetu ni maisha ya mwenye kazi na miaka 50 baada ya kifo chake. Ujerumani ni miaka 70. Walther Dobbertin, aliyepiga picha nyingi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwanzoni mwa karne ya 20, alifariki mwaka 1961, kwa hiyo kwa hesabu ya Ujerumani kazi zake hazijawa huru hadi mwaka 2031 uishe. Nyingi zinaweza kutumika bila kuandika barua kwa sababu nyingine: hifadhi ya nyaraka ya Ujerumani, Bundesarchiv, iliingiza takriban picha 80,000 katika Wikimedia Commons, hazina ya picha huru mtandaoni, kuanzia Desemba 2008, kwa leseni ya CC BY-SA. Ukizitumia, andika jina la hifadhi, namba ya picha, jina la Dobbertin na leseni. Namba hiyo usiiache, maana ndiyo inayomwezesha mwingine kuifikia picha ile ile.

Picha ya studio iliyotundikwa sebuleni kwa bibi ni mali ya bibi kama karatasi. Hakimiliki ni suala la mpiga picha au warithi wake. Kama studio bado ipo, pita uulize.

Hatua ya saba: kanuni za kundi

Kanuni ndefu hazisomwi. Yetu ni mistari mitatu katika maelezo ya kundi: picha yako iandike «yangu», picha ya mwingine iandike jina lake na kiungo, picha isiyo na jina itaondolewa na aliyeituma ataulizwa faraghani. Neno hilo la mwisho ndilo zito. Msimamizi akimkemea mtu mzima mbele ya watu 212, amepata picha moja na kupoteza mwanachama, na mara nyingi mkosaji mwenyewe hakujua. Mwandikie pembeni, mwambie picha ni nzuri, muulize aliipata wapi.

Hatua ya nane: picha yako ikichukuliwa

Anza na ushahidi, kabla ya kumwandikia mtu yeyote. Piga picha ya skrini inayoonyesha ukurasa mzima, anwani yake na tarehe, na uliweke pamoja nayo faili lako la asili, lile kubwa lisilokatwa, ambalo aliyechukua hawezi kuwa nalo. Kisha andika ujumbe wa faragha wenye ombi moja lililo wazi: liongeze jina langu, au iondoe, au tukubaliane malipo, na utaje siku ya mwisho ya kungoja. Chagua moja tu kati ya hayo, maana ukiomba yote matatu utajibiwa lile lililo rahisi kwake.

Asipojibu, tumia fomu ya malalamiko ya hakimiliki ya mtandao husika. Facebook, Instagram na YouTube zote zinayo, kwa kufuata utaratibu wa sheria ya Marekani ya mwaka 1998. Fomu hiyo huijaza mwenye haki au aliyemwakilisha rasmi. Rafiki mwenye uchungu hawezi kukujazia. Utatoa tamko kwamba unayoyasema ni kweli, na tamko la uongo lina adhabu yake. Jua pia kwamba jina lako na njia ya kukufikia vinaweza kupelekwa kwa unayemlalamikia, kwa hiyo tumia anwani ya barua pepe ambayo hutaona taabu akiijua. Naye ana haki ya kupinga, na akipinga, picha inaweza kurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi kama hukwenda mahakamani.

Kwa aliyeko nchini na anayeingiza fedha kwa picha yako, kwa mfano katika lebo au mabango, nenda COSOTA ukiwa na faili la asili, picha za skrini na nakala ya ujumbe uliompelekea. Na akikubali kuongeza jina baada ya hapo, rudi kwenye ukurasa wake siku mbili baadaye ukahakikishe kwamba limeandikwa chini ya picha yenyewe, kwa tahajia sahihi, na si katika maoni yaliyo chini kabisa.